Mwimbaji Aliponyoosha Mkono

Ulikuwa mwaka ule mpunga ulipokataa mbugani, tukala matobolwa asubuhi, matobolwa mchana, na jioni ugali wa mtama kwa nsansa, yale majani ya kunde ya kuanika. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama soli. Ukivitafuna na karanga unashiba, lakini ukivitafuna miezi minne mfululizo unaanza kuota pilau. Sisi watu wa Tabora hatukuzoea kukosa mchele. Mwaka ule mgeni akipiga hodi, mtu unajibu kwa sauti ndogo ukitumaini ataondoka. Nautaja mwaka kwa chakula kwa sababu tarakimu hunichanganya. Shule niliiacha darasa la tatu. Na kwa sababu mtu yeyote wa Ng'ambo, hapa mtaani kwetu, ukimwambia mwaka wa matobolwa atakuelewa hapo hapo, na atakuongezea kwamba ndio mwaka mjukuu wangu aliporudi kutoka Dar es Salaam na mabegi mawili ya shanga.

Mjukuu huyo ni wa binti yangu wa kwanza. Nimemlea mimi tangu ana meno mawili. Alisoma mpaka chuo, akapata kazi kwenye duka la nguo Kariakoo, duka likafungwa. Basi likamshusha hapa na vumbi lake, akanisalimia, akanywa maji, kisha akasema, "Bibi, nataka tuuze kazi yako kwa nchi nzima."

Kazi yangu ni bangili za waya. Mama yangu aliziita sambo. Unachukua singa za mkia wa ng'ombe, unazikusanya ziwe kamba nene kama kidole kidogo, unazipaka nta ya nyuki zishikane, halafu unazungushia waya mwembamba wa shaba, mzunguko ubanane na mzunguko hata mtu asione singa moja. Singa naletewa na wafugaji wa Choma, nta inatoka Sikonge kwa baiskeli, na waya naununua kwa fundi wa mota za mashine za kusaga, karibu na stesheni. Zamani waya ulikuja na misafara kutoka pwani, mabegani mwa watu. Sasa unatoka kwenye mota iliyoungua. Shaba ni shaba, mimi sijali imepita wapi.

Jambo moja la bangili yangu ni kwamba haina kifungo. Naisuka nyumbani wiki nzima, lakini ncha mbili naziacha wazi. Mwenye mkono anakuja, anakaa mkekani, ananipa mkono wake, nami nazisuka zile ncha ziingiane huku bangili ikiwa tayari imemkaa. Tunaanza baada ya chai tunamaliza adhuhuri. Nikimaliza huoni ilipoanzia, na haipiti kiganjani. Utaoga nayo, utalima nayo, utazaa nayo. Inakatwa siku moja tu, siku mwenye mkono amelazwa anasubiri kuoshwa, na anayeikata ni yule aliyeifunga kama bado yupo, au aliyerithi kazi yake. Mimi nimekata tano. Ya kwanza ilikuwa ya mama yangu mzazi. Koleo likiuma shaba linatoa sauti ndogo, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti. Sauti hiyo naijua ni ya chumba gani.

Basi mjukuu wangu aliposema tuweke kifungo ili bangili zisafirishwe kwenye maboksi, nilimwambia aendelee kula karanga zake. Tukaafikiana hivi: yeye na wasichana wawili aliowafundisha watatengeneza hereni na mikufu kwa waya ule ule na shanga zake, hizo zitasafiri zinavyotaka. Bangili zitabaki kwangu, na anayezitaka alete mkono.

Mama yake alimpa muda. Nilisikia kwenye simu. "Mpaka masoko ya tumbaku yafungwe," alimwambia. "Ukiwa bado unahangaika, unarudi Dar. Mjomba wako anatafuta mtu wa kukaa kaunta kwenye duka lake la vipuri." Mtoto akaitikia sawa mama, sawa mama. Alipokata simu akanitazama.

"Bibi, mimi nikakae na mafuta ya breki?"

Nilikuwa na waya mdomoni.

Hapo ndipo aliponieleza ujanja wa mjini. Siku hizi, alisema, kitu hakinunuliwi kwa kuwa ni kizuri, kinanunuliwa kwa kuwa fulani amekivaa. Fulani huyo awe mwimbaji, au mwigizaji, au yule binti asiye na kazi yoyote ila watu wengi kuliko Tabora nzima wanamtazama kwenye simu akila chipsi. Unampelekea zawadi, anaivaa, anapigwa picha, watu wanauliza ameipata wapi.

"Na mtu mwenye magari matatu," nikamuuliza, "anakaa anasubiri hereni zetu?"

"Ndivyo inavyofanyika, Bibi."

"Haya. Peleka."

Alipeleka maboksi tisa. Kila boksi alilipanga kwa mkono wake, hereni juu ya kitambaa cheupe, na kikaratasi kilichoandikwa vizuri, na tone la marashi. Akaenda nayo stendi ya mabasi akayakabidhi kama mtu anayekabidhi watoto. Kisha tukasubiri. Alikuwa anasonga ugali jicho moja kwenye simu, na ugali tuliokula wiki zile ulikuwa na mabuja kama changarawe. Watu tisa, na hakuna hata mmoja aliyesema asante. Mimi mtu akinipa fungu la mlenda namshukuru mpaka anakimbia.

Siku moja akapiga ukelele kule uani. Nilidhani ni nyoka. Akanijia na simu: mwigizaji mmoja, kati ya wale tisa, alikuwa jikoni kwake anaonyesha watu jinsi ya kupika pweza. Masikioni amevaa vitu vikubwa kama vifuniko vya sufuria. Lakini nyuma yake akapita dada wa kazi na ndoo, na masikioni mwa yule dada zilikuwa hereni zetu.

Mjukuu wangu aliangalia mara tatu, kisha akaiweka simu kifudifudi juu ya mkeka akaanza kulia. Mimi nikaichukua nikatazama tena. Yule dada alikuwa na shingo ndefu, na shaba ilimkaa utadhani alizaliwa nayo.

"Unalia nini," nikamwambia, "zimevaliwa."

"Na mfanyakazi, Bibi."

"Ametembea nazo kama mwenye nyumba. Huyo ndiye ungempelekea boksi tangu mwanzo."

"Bibi, huyo si maarufu."

Nikamuuliza mtu maarufu maana yake nini hasa. Akafuta pua akasema ni mtu ambaye akipita watu wanageuka, na akivaa kitu wanataka kukijua. Nikamuuliza kama ni hayo tu. Akasema ni hayo tu. Nikajifunga khanga ya pili.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Huyo ninaye, mtaa wa tatu kutoka hapa."

Nilimpeleka kwa rafiki yangu mkunga. Ni mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye hatua za mtu asiyechelewa popote. Amestaafu, lakini kabla ya hapo amewapokea nusu ya watu wa Ng'ambo na Isevya, na wengine aliwapokea baada ya kuwapokea mama zao. Bangili yangu nilimfunga mwaka alioanza kazi, sote tukiwa wasichana. Ina mistari mitatu, shaba nyekundu, shaba ya njano, nyekundu tena. Kwa miaka yote hiyo imesuguliwa na sabuni, na maji ya moto, na vichwa vya watoto, mpaka imekuwa na rangi ambayo mimi mwenyewe siwezi kuitengeneza. Ukiitazama ni kama ina taa ndani.

Nilimwambia tunakwenda sokoni na mtoto atatupiga picha. Hakuuliza kwa nini. Alisema tu, "Ngoja nibadilishe kilemba, hiki kina kitunguu." Mjukuu wangu akamvisha hereni zetu.

Kutoka kwake mpaka sokoni ni mwendo wa dakika kumi. Tulitumia saa nzima. Shikamoo mama, shikamoo mama, kutoka kila mlango. Kijana wa pikipiki akasimama katikati ya barabara na abiria wake nyuma, akavua kofia.

"Mama, unanikumbuka? Mama yangu anasema nilikusumbua."

"Wewe ndiye uliyetanguliza miguu," mkunga akamwambia. "Naona mpaka leo unaingia barabarani kinyumenyume. Toa hiyo pikipiki hapo."

Abiria alicheka karibu aanguke. Mjukuu wangu alikuwa ameshaacha kulia, anarudi nyuma hatua kwa hatua na simu yake, anapiga, anapiga. Picha aliyoichagua ni ile mkunga anapokea dagaa kwa muuzaji, mkono umenyooka, bangili imeshika jua la saa nne. Chini yake aliandika maneno machache: kwamba mkono huu ndio uliokuwa wa kwanza kuwashika watu wa Ng'ambo.

Hiyo picha ilikimbia. Sijui inavyokimbia, mimi niliona tu simu inalia mpaka inaishiwa chaji. Watu wakaandika kutoka Dodoma, kutoka Mwanza, mmoja Muscat: huyo mama ndiye alinipokea, huyo mama alimpokea dada yangu kwenye treni kabla ya kufika Kaliua, huyo mama alinipiga kofi la kwanza na nilistahili. Na kila baada ya salamu wakauliza hereni zinapatikana wapi. Tukampiga picha muuza mchele mwenye sauti ya kengele, mwaka ule alikuwa amekaa mbele ya magunia ya mtama, amenuna, lakini amependeza. Tukampiga mwanakwaya kiongozi wa Wamoravian, mkono juu, amekataza sauti ya tatu isipande. Wote walikuwa mikono yangu. Nasema mikono yangu kwa sababu nimeifunga mimi.

Basi ndipo meneja akapiga simu. Kijana wa Dar, ana sauti ya mtu aliyetoka kuamka. Alikuwa meneja wa mwimbaji mmoja mwanamke, mkubwa kweli, ambaye nyimbo zake hata mbuzi wa mtaa wetu walikuwa wanazijua. Mjukuu wangu alibonyeza simu isikike kwa wote, akakaa chini. Meneja akasema dada yake, ndivyo alivyomwita mwimbaji wake, amezipenda picha. Anataka kuvaa bangili kwenye picha za nyimbo zake mpya, na jina letu litaandikwa hapo wazi.

"Tutakutengenezea nzuri sana kaka," mjukuu akasema. "Ila lazima aje—"

"Hapana, hapana. Mpya zinaonekana mpya. Anataka ile ya yule mama wa dagaa. Ile ile. Mkituwekea kwenye ndege Alhamisi inatosha."

Mkunga mwenyewe alikuwa hapo kwangu, amekaa anachambua karanga. Mjukuu akanitazama kwa macho ambayo sijapata kuyaona kwake tangu alipokuwa na surua. Masoko ya tumbaku yalikuwa yamebakiza wiki tatu. Nilijua anahesabu, naye alijua najua.

Mkunga akafuta vumbi la karanga, akanyoosha mkono wake mbele yangu.

"Kata, mwenzangu. Mtoto apate riziki. Utanifunga nyingine."

Nikaisogelea simu ili kijana asikie vizuri. Nikasema, "Bangili iliyo kwenye mkono wa mtu aliye hai mimi siikati."

Meneja akasema atarudi kwetu, na mtu wa Dar akisema atarudi kwetu maana yake kwaheri.

"Sasa unanikatalia mkono wangu mwenyewe?" mkunga akaniuliza.

"Mkono wako, bangili yangu. Siku ya kuikata hutakuwa na la kusema."

Alicheka mpaka kilemba kikamdondoka kwenye ungo wa karanga. Mjukuu wangu hakucheka. Alinyanyuka akaenda ndani, na kwa siku nne alinisalimia kama mtu anayemsalimia karani. Siku ya tatu nilimwona anakunja nguo zake na kuzipanga begini. Nilikaa uani na waya wangu na nikajiuliza kama hii ni desturi au ni kiburi cha kizee tu. Nikajua tu kwamba nikifumba macho na kulishika koleo, namwona rafiki yangu amelala chali, na hilo sikuwa tayari kuliona kwa ajili ya picha.

Siku ya tano meneja akarudi kwetu kweli. Alisema mambo ni magumu. Dada yake tangu apate jina hajaambiwa hapana na mtu yeyote, na sasa anataka kumwona huyo bibi. Baada ya siku kumi angekuja kuimba uwanjani hapa Tabora. Atapita nyumbani, ataleta mkono.

Mjukuu wangu alizitoa nguo begini moja moja. Nilijifanya sioni.

Alikuja asubuhi na gari jeusi ambalo halikuweza kuingia kwenye uchochoro wetu, ikabidi atembee. Watoto wote wa mtaa walikuwa nyuma yake. Kwenye simu ni mtu mkubwa. Mlangoni kwangu alikuwa mdogo kama binti wa kidato cha pili, na alipovua viatu nikaona vidole vimechubuka. Akapiga goti.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Mzaramo, Bibi."

Mzaramo ni mtani wangu, na mtani haachwi hivi hivi. Nikamwambia, "Aa, nyie. Babu zangu walikuja kwenu wamebeba mizigo miezi mitatu, mkawauzia maji."

"Na walikunywa pipa zima, Bibi, hawajalipa mpaka leo. Nimekuja kudai."

Nikampenda hapo hapo. Nikampa matobolwa na karanga. Alikula bakuli lote, akaomba na ya kwenda nayo, na meneja wake aliyesimama mlangoni akamtazama kama anakula udongo.

Kabla sijagusa waya nikaushika mkono wake wa kulia nikamwambia, "Sikiliza. Hii haina kifungo. Nikifunga, nimefunga. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Umesikia nini?"

"Kwamba haivuliwi."

"Na inakatwa lini?"

Hapo mjukuu wangu akamweleza taratibu, maana mimi huwa nasema kavu. Mwimbaji alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema sawa. Meneja hakusikia, alikuwa na simu sikioni. Nadhani hata yeye mwimbaji alidhani ni maneno ya kupamba kazi, kama yale wanayoambiwa watalii kule makumbusho ya Kwihara. Lakini aliambiwa. Mbele ya mjukuu wangu, na mbele ya mkunga.

Nikaanza. Nusu saa haijapita, akalala. Mkono wake kwenye paja langu, kichwa kwenye mto wa mkunga, mdomo wazi, anakoroma kidogo. Simu zake tatu zililia, mkunga akazichukua akazifunika na ungo. Nilimsuka taratibu kuliko nilivyowahi kumsuka mtu. Niliacha nafasi ya kidole kimoja, kwa ajili ya unene utakaokuja na watoto. Adhuhuri ikaadhiniwa nami nikabana mzunguko wa mwisho kwa ukucha. Alipoamka aliuinua mkono, akauzungusha, akatafuta ilipoanzia. Hakupaona. Hakuna anayepaona.

Jioni ile aliimba uwanjani mkono wa kulia ukiwa juu muda wote, na kila picha iliyopigwa ilikuwa na shaba yangu. Na jina letu akalitaja mwenyewe, hakuombwa. Binti yangu alipiga simu kutoka Dar siku ya pili, akasema mwambie asije, mjomba ameshapata mtu mwingine. Sasa hivi mjukuu wangu ana wasichana sita na chumba cha kazi karibu na soko, chenye madirisha mawili na ubao aliouandika kwa rangi ya shaba. Hereni zake zimefika mahali ambapo siwezi kupatamka. Nasema kwa majivuno na sioni sababu ya kuyaficha. Kuna wanawake wa rika langu wanaosifia wajukuu kwa kupata vyeti. Wa kwangu aliamka kila siku alfajiri akapanga waya kwa unene wake, akawalipa wasichana wake kabla ya kujilipa, na bangili zangu hazijawekewa kifungo.

Lakini yapo ya mwisho ya kusema.

Mpunga ulikuwa umekubali tena, tunakula wali, wakati mwimbaji aliporudi. Hakuja na gari jeusi. Alikuja na bajaji kutoka uwanja wa ndege, amejifunika mtandio, meneja nyuma yake amebeba mkoba. Safari hii meneja ndiye aliyekuwa na haraka ya kusema. Kampuni moja ya saa za dhahabu, ya nje, imemchagua dada. Wanataka mikono mitupu, yote miwili, kisiwepo kitu kingine chochote isipokuwa saa zao. Picha zinaanza Jumatatu. Yeye meneja alitaka kuikata mwenyewe kule Dar kwa koleo la fundi wa umeme, lakini dada alimnyang'anya mkono.

"Nilimwambia wewe ndiye uliyefunga," mwimbaji akasema. Alikaa mkekani pale pale alipokaa mwanzo, kando ya mkunga aliyekuwa anachambua mchele. "Kama ni kukatwa, uikate wewe, Bibi."

Mimi nikamwambia yote, bila kuharakisha. Nikamweleza ya mama yangu. Kwamba nilikuwa na mimba ya binti yangu, kwamba wanawake walinipisha, kwamba mkono wa mama ulikuwa bado haujakauka, na ile sauti ya njiti. Nikamwambia koleo lipo, kwenye boksi la waya, na mkono ni wake. Akitaka aikate mwenyewe, sitamzuia, sitamlaani, na wali atakula kwangu kama kawaida.

Mjukuu wangu alilileta koleo akaliweka katikati ya mkeka. Mimi nilijua anachokiona: wasichana sita, madirisha mawili, ule ubao. Mtu huyu alitupandisha kwa kututaja. Akiondoka na hasira anaweza kututaja tena.

"Mimi si wa kwenu, Bibi," mwimbaji akasema. "Mimi ni Mzaramo. Labda kwangu haihesabiwi."

"Wewe ni mtani wangu. Mtani ndiye anayekuja kwenye msiba wangu na kufanya fujo. Kama huhesabiwi wewe, nani anahesabiwa?"

Alicheka kidogo, akaangalia chini. Akalichukua koleo. Alilifungua, akaliweka kwenye shaba, akalishika hivyo mpaka mkunga akauweka chini ungo wake wa mchele. Kisha akalirudisha mkekani.

"Siwezi," alisema. "Niliambiwa, na nikasema sawa."

Sasa ukipita mijini ukaona bango la zile saa, tazama mkono wa kulia, chini ya dhahabu yao. Sijui aliwaambia nini. Lakini siku ile hakuna kati yetu aliyejua itakuwa hivyo. Siku ile alikuwa msichana anayepoteza kazi kubwa kuliko zote alizopata, na sisi tulikuwa watu tunaokaribia kupoteza jina.

Meneja akapiga magoti, suruali yake nzuri juu ya vumbi la uani kwangu. "Bibi," akasema, "mama yangu, nakuomba. Ni waya tu. Dakika moja. Kata."

Mwimbaji akanyoosha mkono, akageuza uso pembeni.

Nikamtazama mjukuu wangu. Sikumwomba ruhusa, lakini nilimtazama, kwa sababu safari hii mzigo ulikuwa wake kuliko wangu. Alikuwa amekaa ameuma mdomo. Akainama, akalichukua koleo kutoka mkekani, akaenda nalo ndani, nikasikia kifuniko cha boksi kinafungwa. Akarudi akakaa karibu nami, bega kwa bega.

"Mjibu, Bibi," akasema.

Nikamjibu kijana wa watu. "Bangili iliyo kwenye mkono wa mtu aliye hai mimi siikati."